Laptopu ya mtumba ya kuandikia programu: kuanzia dukani hadi siku ya kwanza ya kazi

Kila wiki napokea swali lilelile, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Kaka, nataka kuanza kuandika programu, ninunue mashine gani?" Anayefuata anauliza kama ni lazima iwe MacBook. Wa tatu keshanunua, na mashine inaganda akifungua kivinjari na kihariri cha kuandikia programu kwa pamoja. Nimeamua kuyaweka majibu yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata ninapomsindikiza mtu Kariakoo. Aliye Nairobi au Unguja abadilishe jina la mtaa tu, mengine ni yaleyale.

Kabla hatujaondoka: kodi nitakayoitaja humu si ya TRA wala ya mwenye nyumba. Ni ile misimbo tunayoandika.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema sikukwambia. Pesa yako iende kwenye diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), kibodi na umeme, kwa sababu hivyo vikiwa vibovu vinakula muda wako kila siku. Kioo cha kugusa, taa za rangi chini ya kibodi na wembamba wa mashine, achana navyo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Flashi mbili, kila moja GB 8 au zaidi.
- Kompyuta ya kuazima kwa saa moja, ya rafiki au ya kafe ya intaneti, kwa ajili ya kuandaa flashi hizo.
- Intaneti ya kupakua kama GB 10. Kama ofisini kwa shemeji kuna Wi-Fi, huu ndio wakati wa kumtembelea.
- Earphone za waya, za kupima tundu la sauti.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Bajeti iliyokatwa mapema: toa kama sehemu moja ya tano uiweke pembeni kwa ajili ya RAM, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) au chaja. Ukiimaliza yote dukani, utarudi nyumbani na mashine nusu.

Hatua ya 1: Chagua kizazi, usichague jina

Muuzaji atakwambia "hii ni i7, bosi". i7 ni jina la familia ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Muulize ni ya mwaka gani. Tazama namba inayofuata kistari: i5-8350U ni kizazi cha 8, i7-7500U ni kizazi cha 7. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana ile i7-7500U ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) 2 tu, wakati i5-8250U ya kizazi kinachofuata ina viini 4. Kwa kazi zetu i5 hiyo inaiacha mbali i7 ya zamani.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel za kawaida, Windows 11 inaanzia kizazi hichohicho. Hata kama utatumia Linux, mfumo endeshi wa bure, kama mimi, siku ya kuiuza mnunuzi atauliza kuhusu Windows.

Mashine ninazozielekeza ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM unazoweza kubadilisha mwenyewe. T480 naipenda zaidi kwa sababu ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje inayochomoka, kwa hiyo unaweza kubadilisha ya nje bila kuzima mashine. Kibodi yake pia haichoshi vidole.

Angalizo: T480 na T480s si pacha. Ile yenye "s" ina sehemu ya RAM iliyochomelewa kwenye madabodi, ikabaki nafasi moja. X1 Carbon imechomelewa yote. Ukiinunua ikiwa na GB 8, utazikwa nayo ikiwa na GB 8.

Hatua ya 2: Andaa flashi mbili ukiwa nyumbani

Flashi ya kwanza iwe na Linux Mint, aina moja ya Linux, inayowaka bila kusakinishwa. Pakua faili la Mint 22, ukubwa wake ni karibu GB 3, kisha tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye flashi. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo picha za harusi zihamishe kwanza.

Flashi ya pili weka CrystalDiskInfo, toleo lisilohitaji kusakinishwa. Hiyo inasoma afya ya diski kwenye Windows.

Kosa la kawaida: watu wanakopi faili la Mint kwenye flashi kama wanavyokopi wimbo. Haliwaki hivyo. Lazima lipitie Rufus au programu ya aina hiyo.

Hatua ya 3: Ikague dukani, mchana, bila haraka

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo. Mashine yangu ya pili niliinunua jioni duka likifungwa, nikaridhika na kioo kinachong'aa. Nilipofika nyumbani nikakuta BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows) imefungwa kwa nenosiri la kampuni iliyoimiliki zamani huko ilikotoka. Sikuweza kuwasha flashi wala kubadilisha chochote, na muuzaji akasema iliondoka dukani ikiwa nzima. Nililizwa, basi.

Kwa hiyo anza na BIOS. Zima mashine, iwashe huku ukigonga F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani, shukuru, ondoka. Usikubali "fundi wetu ataitoa kesho".

Ikiingia bila kuuliza, endelea hivi:

- Betri. Ukiwa ndani ya Windows fungua dirisha la amri, andika `powercfg /batteryreport`. Itatengeneza faili linaloonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa leo ni chini ya nusu, betri hiyo ni ya kubadilisha. Itumie kushusha bei.
- Diski. Fungua CrystalDiskInfo. Neno la tahadhari likitokea kwa rangi ya njano au nyekundu, hesabu kwamba unanunua mashine isiyo na diski.
- Kibodi. Fungua ukurasa wa kuandikia ubonyeze kila kitufe, hata vile usivyovijua. Kwa mtu wa kodi, mabano na nukta mkato ni chakula cha kila siku, na ndivyo ambavyo mnunuzi wa kawaida havijaribu.
- Kioo. Weka picha nyeupe ijaze skrini, kisha nyeusi. Madoa yataonekana.
- Matundu. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Chomeka earphone. Fungua kamera.
- Bawaba. Fungua na kufunga mara tano. Ikilia au ikicheza, jua kuna siku kioo kitakudondokea.

Sasa washa kwa flashi ya Mint: F12 kwa Lenovo na Dell, F9 kwa HP. Ikifika kwenye ukurasa wa Mint, unganisha Wi-Fi kutoka simu yako, cheza sauti, fungua terminali (dirisha la amri la Linux) uandike `lscpu` uone prosesa ya kweli. Stika ya nje hubanduliwa na kubandikwa.

Chaja nayo ikague. Nyingi za mashine hizi zinatumia chaja ya wati 65. Kwenye lebo ya chaja ya T480 utaona volti 20 na ampea 3.25. Ikiwa nyepesi kama karatasi na inachemka baada ya dakika kumi, omba nyingine.

Hatua ya 4: Ongeza RAM na SSD

GB 8 zinatosha kujifunza Python au kurasa za wavuti. Ukitaka Android Studio (ya kutengenezea programu za simu), au kuendesha hifadhidata huku kivinjari kimefunguka, fika GB 16. Mashine za hatua ya 1 zinatumia RAM aina ya DDR4 ya laptopu. Usije ukauziwa DDR3 au RAM ya kompyuta ya mezani.

Zima mashine, chomoa chaja, chomoa betri ya nje. Kwa mashine yenye betri ya ndani, ingia BIOS kwanza uizime betri hiyo humo kama kuna sehemu yake, au chomoa waya wake mara tu unapofungua mfuniko. Gusa chuma kabla ya kugusa RAM. Isukume kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yazame, kisha ilaze mpaka isikike "taki".

Kama imekuja na diski ya zamani inayozunguka, itoe uweke SSD hata kabla ya kuongeza RAM. Hakuna badiliko lingine utakaloliona haraka kama hilo.

Hatua ya 5: Sakinisha mfumo endeshi

Washa kwa flashi ya Mint, bofya mara mbili alama ya kusakinisha. Ukiulizwa kuhusu diski una njia mbili: kufuta kila kitu, au kuiweka Mint pembeni ya Windows. Kama mashine ni mpya kwako na haina chako ndani, futa. Utapata usafi na nafasi.

Ukitaka kubaki na Windows, kwanza angalia kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo) imewashwa. Kama imewashwa, nakili ufunguo wake wa kuokolea kwenye karatasi, la sivyo utakuja kufungiwa nje ya faili zako mwenyewe.

Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029. Watu watakwambia uweke mifumo migumu zaidi ili uonekane mjuzi. Acha. Wewe unataka kuandika programu, hutaki kutengeneza Wi-Fi kila Jumatatu.

Hatua ya 6: Zana za kwanza

Fungua terminali:

`sudo apt update`
`sudo apt install git curl build-essential vim tmux tlp`

Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Nenosiri lenyewe halitaonekana ukiliandika, utaona nyota tu. Haijaharibika, andika, gonga Enter.

Kihariri: weka VS Code. Pakua faili la .deb, bofya, maliza. Usiweke viongezo thelathini siku ya kwanza kwa sababu umeona video. Cha lugha unayojifunza na cha kupanga mistari vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Vim, kihariri cha ndani ya terminali, nimeiweka kwenye orodha kwa sababu siku utakapoingia kwenye seva (kompyuta ya mbali) hakutakuwa na kitu cha kubofya. Andika `vimtutor` ufanye zoezi lake la kama nusu saa.

tmux ndiyo zana ninayoisifia kuliko zote, na hakuna anayeniuliza habari zake. Ukiwa umeingia kwenye seva na bando likakata katikati, kazi uliyoiendesha kawaida inaweza kufa pamoja na muunganisho. Ndani ya tmux iliyowashwa kwenye seva hiyohiyo inaendelea. Ukirudi hewani unaingia tena kwenye seva, unaandika `tmux attach` unaikuta ilipofika. Kwa mtandao wetu huu, hiyo ni bima.

Hatua ya 7: Git na funguo zako

Git inatunza historia ya kodi yako, na GitHub ni tovuti ya kuihifadhi mtandaoni.

`git config --global user.name "Jina Lako"`
`git config --global user.email "barua pepe yako"`
`ssh-keygen -t ed25519`

Amri ya mwisho inatengeneza mafaili mawili. Lenye .pub mwishoni ndilo unalolibandika kwenye akaunti yako ya GitHub. Lisilo na .pub halitoki kwenye mashine yako, hata mwalimu akiliomba. Jaribu kwa `ssh -T git@github.com`, ikikusalimia kwa jina lako la akaunti, umefaulu.

Onyo ambalo nitalirudia hadi nizeeke: faili la .env lenye funguo za malipo au za hifadhidata liandike ndani ya .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue) kabla ya kupandisha kitu chochote. Kulifuta baadaye hakusaidii, kwa sababu Git inakumbuka historia yote. Likishatoka, ghairi funguo hizo utengeneze nyingine.

Hatua ya 8: Umeme na bando

TLP uliyoiweka inalinda betri. Kwa ThinkPad, fungua `/etc/tlp.conf` kwa sudo, tafuta mistari ya `START_CHARGE_THRESH_BAT0` na `STOP_CHARGE_THRESH_BAT0`, toa alama ya reli (#) mwanzoni, weka 75 na 80. Kwa T480 fanya hivyo na kwa BAT1, betri ya pili, pia. Kisha `sudo tlp start`. Betri isiyokaa imejaa asilimia 100 mchana na usiku huishi zaidi. Ukiona mawingu ya masika na unajua mtaa wenu, andika `sudo tlp fullcharge BAT0` ujaze mapema.

Laptopu ina betri, ruta haina. Umeme ukikatika kilichobaki ni mashine nzima isiyo na intaneti. Kuna vile viboksi vidogo vya betri vya kuwashia ruta, na kwangu ndicho kifaa kilichonilipa kuliko vyote nilivyowahi kununua. Soma lebo ya ruta yako: nyingi ni volti 12, lakini zipo za 9 na za 5. Volti isiyo yake inaweza kuiunguza.

Bando nalo lina ujanja wake. Pakua Zeal, inayoweka nyaraka za lugha za programu ndani ya mashine ili usome bila mtandao. Ukichukua mradi mkubwa tumia `git clone --depth 1`, utapata hali ya sasa bila historia ya miaka yote. Kwa JavaScript tumia pnpm badala ya npm (zote ni zana za kupakua vifurushi vya kodi), maana pnpm inahifadhi kila kifurushi mara moja tu na miradi yote inachota hapo. Na kwenye duka la programu la Mint, chagua toleo la kawaida la mfumo kabla ya Flatpak, toleo linalokuja na mahitaji yake lenyewe. Flatpak ya kwanza inaburuta mamia ya MB nyuma yake.

Hatua ya 9: Simu yako ndiyo emyuleta

Wanaojifunza Android wanateseka bure na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu ya Kuhusu Simu, gonga nambari ya muundo mara saba. Menyu ya wasanidi itafunguka. Washa utatuzi wa USB. Chomeka waya, kubali ombi kwenye kioo cha simu. Programu ya bure iitwayo scrcpy itakuonyesha simu hiyo kwenye skrini ya kompyuta na utaiendesha kwa kipanya.

Hatua ya 10: Meza

Inua laptopu kwa vitabu au boksi la viatu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, chomeka kibodi na kipanya vya nje. Shingo itakushukuru. Skrini ya pili ni tamu, lakini subiri malipo ya kazi ya kwanza.

Hatua ya 11: Programu za kupanga kazi, na nakala rudufu

Hapa watu hupoteza wiki nzima wakilinganisha programu za kupangia kazi badala ya kufanya kazi yenyewe. Zangu ni chache. Daftari la karatasi kwa mambo matatu ya leo. Obsidian kwa kumbukumbu za kudumu, kwa kuwa inaandika mafaili ya maandishi matupu nitakayoyafungua hata programu yenyewe ikifa. KeePassXC kwa manenosiri, yote ndani ya faili moja lisilohitaji mtandao. Na saa ya dakika 25, simu ikiwa chumba kingine.

Nakala rudufu: kila jioni pandisha kodi kwenye GitHub, kila Jumapili kopi folda yako ya nyumbani kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae kwenye begi la laptopu. Mwizi habebi kimoja akaacha kingine. Mint inakuja na Timeshift na wengi wanadhani ndiyo imemaliza. Hiyo inarudisha mfumo tu, nyaraka zako haizigusi usipoiambia. Misimbo ya kuokolea akaunti zako ichapishe kwenye karatasi, maana ikiibiwa simu, hata wewe mwenyewe utaonekana mgeni.

Ikigoma

*Mint haioni Wi-Fi.* Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Ukishapata mtandao fungua kidhibiti cha madereva kwenye menyu, kitapendekeza dereva wa kadi yako.

*Flashi haiwaki kabisa.* Irudie kwa Rufus. Ikikataa tena, hakiki faili ulilopakua kwa `certutil -hashfile jina.iso SHA256` kwenye Windows, linganisha na namba zilizo kwenye ukurasa wa Mint. Mara nyingi bando lilikata katikati na faili ni pungufu.

*Saa ya Windows imerudi nyuma kwa saa tatu kamili.* Imetokea kwa sababu mifumo miwili inasoma saa ya mashine tofauti, na sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kwenye Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha rekebisha saa mara moja.

*GitHub inakataa nenosiri lako sahihi.* Tangu 13 Agosti 2021 haipokei nenosiri la akaunti kwenye amri za Git. Tumia anwani ya mradi inayoanza na git@ badala ya https, na ufunguo wa hatua ya 7 utafanya kazi.

*Simu inachaji lakini kompyuta haiioni.* Waya huo ni wa umeme tu. Azima mwingine kabla hujalaumu simu.

*Mashine inaganda.* Andika `free -h`. Kama kumbukumbu imekwisha, hesabu vichupo vya kivinjari kabla ya kumwita fundi. Kama kumbukumbu ipo na feni inapiga kelele, ni vumbi. Mashine za mtumba hubeba la miaka. Fungua, safisha feni, badilisha dawa ya kupoozea prosesa.

*Umeingia Vim na hutoki.* Bonyeza Esc, andika `:q!`, gonga Enter. Usizime mashine kwa kitufe. Nilishazima, mara mbili.